Akili ya hisia kazini na katika uongozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yametoka kwenye vikao ninavyofanya Jumamosi na makapita (wasimamizi wa wafanyakazi), wauguzi, walimu wakuu, wenye maduka na watu wa biro hapa Lubumbashi, kuanzia komini ya Kenya hadi ile ya Ruashi. Nimeyaandika jinsi watu wanavyoyauliza. Kila jibu linajitegemea; pale jambo lilipokwisha kuelezwa, nimeweka namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Akili ya hisia ni nini hasa?

Ni uwezo wa kutambua unachokisikia moyoni na anachokisikia mwenzako, kuelewa kimetoka wapi, kisha kukitumia au kukituliza ili kazi isiharibike na watu wasiumizane. Waliolipa jambo hili umbo la kitaaluma ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, katika makala yao ya mwaka 1990. Mwaka 1997 walilipanga katika ngazi nne: kutambua hisia usoni na kwenye sauti, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zinavyozaliwa na kubadilika, na kuziongoza. Ngazi ya tatu ndiyo watu huisahau. Kero ikiachwa huwa hasira, na hasira ikifungiwa ndani huwa kinyongo. Anayejua mwendo huo huwahi mapema.

Jina lilienea duniani kupitia Daniel Goleman, mwanasaikolojia aliyekuwa mwandishi wa habari, aliyetoa kitabu mwaka 1995. Mwaka 1998 aliandika makala kwa ajili ya viongozi, akitaja mambo matano: kujitambua, kujitawala, msukumo wa ndani, kuguswa na hali ya wengine, na ustadi wa kuishi na watu.

Sisi hapa tuna bahati ya lugha. Mtu husema "nasikia baridi", "nasikia haya", "nasikia uchungu", na pia "nasikia unachosema". Kitenzi kimoja kinabeba sikio na moyo. Huwa naanzia hapo, na watu huelewa papo hapo.

2. Kwa hiyo ni kuwa mpole?

Hapana. Kuna watu wapole wasioona kabisa kwamba jirani yao mezani anaumia, na kuna mama mkali sokoni anayejua kwa kukutazama tu kwamba leo hujala. Upole ni tabia ya mtu, na huu ni ujuzi. Siku nyingine ujuzi huo huo ndio unaokuambia uzungumze kwa sauti kavu.

3. Ni kweli kwamba inaleta asilimia 80 ya mafanikio?

Si kweli, na ningependa semina ziache kuirudia. Goleman aliandika kwamba akili ya darasani, ile inayopimwa kwa IQ, inachangia kama asilimia 20 ya yale yanayoamua mafanikio maishani, na asilimia 80 inabaki kwa mambo mengine. Katika mambo mengine hayo kuna familia uliyozaliwa, nafasi ulizopata, na bahati. Wasikilizaji wakaichukua 80 yote wakaipa akili ya hisia.

Linaloweza kusemwa bila kutia chumvi ni hili: Dana Joseph na Daniel Newman walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010, wakaona kwamba akili ya hisia inasaidia utendaji hasa katika kazi zinazomlazimu mtu kushughulika na hisia za watu siku nzima, kama mapokezi, uuguzi na uuzaji. Kwa anayekaa peke yake na hesabu zake mchango ni mdogo. Kiongozi yuko kwenye kundi la kwanza, apende asipende. Lakini fundi wa mota bado lazima aijue mota.

4. Mtu huzaliwa nayo au hujifunza?

Yote mawili. Wengine huanza wakiwa mbele, hasa waliolelewa na wazazi waliowauliza "una nini leo?" wakasubiri jibu. Lakini tafiti zilizolinganisha watu kabla na baada ya mafunzo zinaonyesha kwamba inaongezeka, kwa kiasi, na kwa mazoezi zaidi kuliko kwa hotuba. Zoezi langu la kwanza ni dogo: kabla ya kuvuka geti la kazi asubuhi, taja kimoyomoyo neno moja la hali uliyokuja nayo. Fanya hivyo wiki mbili. Wengi hurudi wakishangaa kwamba neno lao lilikuwa lile lile siku tisa mfululizo.

5. Wanawake wanayo zaidi kuliko wanaume?

Kwenye vipimo vya uwezo, wanawake kwa wastani hupata alama za juu kidogo. Tofauti kati ya mwanamke na mwanamke mwingine ni kubwa kuliko hiyo. Swali hili huulizwa sana na wanaume wanaotafuta ruhusa ya kutojaribu, na ruhusa hiyo siitoi.

## Hasira, mwili na mdomo

6. Kwa nini nafoka, halafu dakika tano baadaye najuta?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, inaitwa amigdala. Joseph LeDoux, aliyechunguza hofu kwa miaka mingi, alionyesha kwamba habari ya hatari inaweza kufika huko kwa njia ya mkato, kabla sehemu ya kufikiri haijamaliza kuipima. Moyo unaenda mbio, taya linakaza, mikono inapata joto. Mwili umejiandaa kwa vita, na aliyesimama mbele yako ni kijana aliyesahau kujaza daftari.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuchelewesha mdomo. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mara tatu. Ukiweza, tembea hadi kwenye bomba, unawe mikono. Kisha tafuta jina la kile unachokisikia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaona kwamba mtu anapoipa hisia jina, amigdala yake inatulia. Jina likiwa sahihi, husaidia pia kujua la kufanya. Tunaita "hasira" mambo mengi ambayo si hasira: aibu, kwa sababu mteja amenisema mbele ya vijana wangu; hofu, kwa sababu tarehe ya kukabidhi kazi imefika; au uchovu tu, baada ya usiku bila umeme na mtoto mwenye homa. Aibu, hofu na uchovu kila kimoja kina dawa yake, na hakuna kinachoponywa kwa kumfokea mtu.

7. Kumeza hasira ndiyo kujitawala?

Hivi ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa: kaza uso, nyamaza, pita. James Gross wa Stanford amelipima jambo hili maabara kwa miaka. Anayeficha hisia usoni haipunguzi ndani. Mwili wake unaendelea kufanya kazi ngumu, na hata yaliyosemwa wakati huo huyakumbuka kwa shida. Njia iliyo bora ni kulitazama jambo upya kabla hisia haijapanda: huyu amechelewa kwa dharau, au njia imefungwa na malori tangu saa kumi na mbili? Huhitaji kumtetea. Unahitaji kuuliza kabla ya kuhukumu.

Kunyamaza bado kuna mahali pake. Mbele ya mteja anayetukana, nyamaza, kisha umtafute mwenzako unayemwamini umweleze. Kinachoumiza ni kumeza kila siku bila kutema popote.

## Kuongoza watu

8. Nikiacha ukali, watumikaji hawatanichezea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu limenigharimu.

Nilikuwa kapita wa watu tisa kwenye ateliye, yaani karakana, ya kampuni moja ya hapa. Siku moja ufunguo mkubwa ulipotea, nikawafokea wote uwanjani, kila mtu na lake. Kesho yake, asubuhi ya Julai, na baridi ile ya kiangazi, kijana wa kuchomelea alisimama mlangoni mwa ateliye akizungusha kitambaa cha grisi kwenye kidole. Akasema, "Shefu, pompo..." halafu akanyamaza. Nikamuuliza, bila kuinua macho kwenye karatasi, na kwa sauti ya jana, "Pompo imefanya nini?" Akasema, "Hapana, shefu. Iko muzuri." Saa nne mota iliungua. Tangu alfajiri alikuwa amesikia beringi inalia. Tulikaa wiki mbili bila pompo, na kwenye ripoti niliandika kwamba kosa lilikuwa la mashine.

Miaka baadaye nilisoma kazi ya Amy Edmondson wa Harvard, nikamkumbuka kijana yule. Edmondson alichunguza makosa ya dawa kwenye timu za hospitali, akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Akakuta zile zenye uhusiano mzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba kwenye timu hizo watu walithubutu kusema. Kwenye timu zenye hofu, makosa yalibaki kitandani kwa mgonjwa bila kuandikwa. Mwaka 1999 alieleza vizuri zaidi hali hiyo, ya mtu kujua kwamba akisema ukweli hatadhalilishwa.

Basi jibu langu kwa makapita ni hili. Ukali unakupa utii wa macho: ukitazama wanafanya. Lakini habari unayoihitaji zaidi, kwamba kamba imelika, kwamba stoku haitoshi, kwamba mteja anafikiria kuondoka, inapita kwenye mdomo wa mtu anayekuogopa, na hapo inageuka kuwa "iko muzuri". Kwenye mgodi au kwenye shimo la msingi, habari hiyo inaweza kuwa uhai wa mtu.

Na kuchezewa? Weka sheria chache, zijulikane, zimhusu kila mtu hata mpwa wa mkubwa. Asiyevaa kofia ya usalama haingii, mwisho. Uthabiti huo hauhitaji kelele. Watu humchezea shefu anayebadilika: leo anafoka, kesho anasamehe kila kitu kwa sababu anajuta.

9. Hali yangu ya moyo inawahusu nini watumikaji?

Inawafikia kabla hujasema neno. Mwaka 2002 Sigal Barsade alichapisha jaribio ambamo mwigizaji aliingizwa kwa siri kwenye vikundi vya wanafunzi waliokuwa wakigawana fedha za bonasi. Alipokuja na moyo mkunjufu, kikundi kilishirikiana vizuri zaidi na ugomvi ukapungua; alipokuja na uso wa kukunja, hali ile nayo ilienea. Yule alikuwa mwenzao tu. Mkubwa hutazamwa mara kumi zaidi. Pale nilipofanya kazi, sentineli wa geti ndiye aliyekuwa akiwapa wengine habari ya hali ya hewa: "Leo shefu hakusalimia." Mchana mzima hakuna aliyekuja na tatizo.

Salamu kwetu si pambo. Kumpita mtu bila kumuuliza habari ya usiku ni kumwambia jambo. Kama umeamka vibaya, sema: "Leo sikulala, msinichukulie vibaya." Inachukua sekunde tatu, na inawazuia watu kukisia kwamba kuna mtu atafukuzwa.

10. Nimwambieje mtu kosa lake bila kumvunja?

Pembeni, mapema, na juu ya tendo lenyewe. "Papa, jana jioni vali ya tangi ilibaki wazi. Mafuta yamemwagika. Ilikuwaje?" Halafu nyamaza kweli, usikilize. Linganisha na "Wewe ni mzembe, siku zote", ambayo haimwachii mtu nafasi ya kujibu isipokuwa kujitetea au kukuchukia.

Kuna jambo la Lubumbashi ambalo vitabu vya mbali haviligusi: lugha. Wakubwa wengi huzungumza Kiswahili wakati wa utani na kazi ikienda vizuri, na wanapokasirika wanahamia Kifaransa. Anayekaripiwa husikia mlango unafungwa. Kama hakusoma sana, anapata aibu mbili, ya kosa na ya kutojibu. Karipia kwa lugha ambayo mtu anaweza kukujibu. Barua ya onyo iende kwa Kifaransa ikibidi, lakini mazungumzo kabla yake yawe kwa Kiswahili.

Na usifanye mbele ya watu, hata kwa utani. Mtani wako atacheka nawe, kisha jioni atamsimulia mkewe kwa sauti tofauti.

11. Mimi ni kijana, na ninaowaongoza wana umri wa baba yangu. Nifanyeje?

Heshima ya umri na mamlaka ya kazi vinaweza kukaa pamoja ukivitenganisha waziwazi. Mwite papa au mama, msalimie kwanza, usimame kwa heshima anapozungumza nawe. Kisha amua unachopaswa kuamua. Vijana wengi hukosea kwa kuwa wagumu kupita kiasi ili waonekane wakubwa, na wazee huona hofu hiyo mara moja.

Muulize mzee anachokijua kabla ya mkutano, si mbele ya wote. "Papa, umetumika hapa tangu sijazaliwa. Kazi hii mlikuwa mnaipangaje?" Ukilitumia wazo lake, litaje kuwa ni lake. Akikupinga hadharani, mshukuru, mwambie mtalizungumza, na ulizungumze kweli siku hiyo hiyo.

12. Mtumikaji amefiwa, anaomba siku na avansi (sehemu ya mshahara kabla ya wakati wake). Nasaidia wapi, nakataa wapi?

Matanga hayamsubiri mtu, na asiyekwenda hulaumiwa na ukoo kwa miaka. Anza na pole kabla ya hesabu. Sheria ya kazi inatoa siku za ruhusa kwa jamaa wa karibu. Zijue kwa kichwa ili asizipiganie akiwa na machozi. Kwa avansi, kuwe na kiwango kilichowekwa kabla ya msiba wowote, kiwe sawa kwa wote. Hapo unaweza kusema "kiasi hiki ndicho tunachoweza" bila kuonekana una roho mbaya. Ukiweza, nenda ukae matangani hata nusu saa. Na akirudi kazini, usimpe kazi ya hatari wiki ya kwanza: yuko hapa, mawazo hayapo.

## Upande wa mtumikaji

13. Asiyejitawala ni shefu wangu. Nifanye nini?

Huwezi kumbadilisha kwa nguvu, lakini unaweza kuchagua saa. Wengi wana saa yao mbaya, kabla ya ripoti au baada ya simu ya makao makuu. Peleka tatizo pamoja na pendekezo moja. Akifoka, jibu jambo lenyewe, usijibu sauti: "Nimeelewa, shefu, vali itafungwa saa hii." Baadaye akitulia, unaweza kumwambia: "Ukinisema mbele ya wateja nashindwa kufanya kazi vizuri. Naomba uniite pembeni." Wapo watakaosikia. Matusi, vitisho au mkono ukiinuliwa, hapo tazama swali la 18.

14. Wanatuambia tuwe na akili ya hisia, na mshahara haujalipwa miezi mitatu. Ni haki?

Si haki. Hasira ya mtu asiyelipwa inasema ukweli: amedhulumiwa. Kujitawala kunakusaidia kuandika barua nzuri badala ya kuvunja kioo, kwenda na wenzako kwa delege wa sendika (mjumbe wa chama cha wafanyakazi) au kwa mkaguzi wa kazi, na kutomalizia hasira kwa watoto nyumbani. Hakukusaidii kulipa kodi ya nyumba. Nikialikwa kufundisha mahali penye deni la mishahara, huwauliza kwanza wakubwa lini watalipa. Semina haiwezi kushika nafasi ya feza ya watu.

15. Kazi yangu ni kutabasamu siku nzima, jioni nimekwisha. Ni udhaifu?

Ni kazi, na ina jina. Arlie Hochschild aliieleza mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege: mshahara unalipwa pia kwa ajili ya hisia unazoonyesha. Tabasamu la usoni tu, huku ndani unachukia, ndilo linalochosha zaidi. Wauguzi na wa mapokezi wapewe dakika za kukaa mahali ambapo hakuna anayewatazama. Chumba kidogo nyuma, kiti na chai vinatosha. Wakubwa wengi wana chumba hicho, kimejaa makatoni.

## Maswali magumu

16. Mtu mwenye akili ya hisia anaweza kuwa mbaya?

Ndiyo. Stéphane Côté na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba ujuzi wa kuongoza hisia huwasaidia wenye nia njema kutenda mema zaidi, na wenye nia ya kuwatumia wengine kutenda mabaya zaidi. Tapeli anayekuuzia kiwanja cha mtu mwingine anazisoma hisia zako vizuri sana. Kwa hiyo usimpandishe mtu cheo kwa sababu tu "anajua watu". Uliza waliokuwa chini yake wako wapi sasa.

17. Kuna vipimo. Tuvitumie kuajiri? Na wapo wataalamu wanaoipinga?

Vipimo ni vya aina mbili. Kimoja humpa mtu mafumbo ya hisia, kama kile cha Mayer, Salovey na Caruso, ambacho toleo lake la mwaka 2002 lilikuwa na maswali 141. Kingine humuuliza mtu ajipime mwenyewe, na asiyejitambua hujipa alama nzuri. Vyote viliundwa mbali na hapa. Uso ulioinamishwa mbele ya mkubwa, ambao kwetu ni heshima, mgeni anaweza kuusoma kama uongo. Nisingemnyima mtu kazi kwa alama hizo. Mpe siku tatu za majaribio, na utazame anavyomjibu mfagiaji.

Wapinzani wapo, na hoja zao ni nzito. Edwin Locke aliandika mwaka 2005 kwamba dhana hii imepanuliwa hadi imekosa mipaka, na kwamba haifai kuitwa akili. Nakubaliana naye nusu: tukiita kila tabia njema "akili ya hisia", hatutajua tunafundisha nini. Ndiyo maana mimi hubaki kwenye ngazi nne za swali la 1.

18. Ni wakati gani akili ya hisia haitoshi?

Kunapokuwa na kipigo, kuombwa ngono kwa ajili ya cheo, au wizi. Hayo yana sheria. Anayemshauri aliyedhulumiwa "aelewe hisia" za aliyemdhulumu anaongeza dhuluma.

Na kuna majeraha. Mjini kwetu tunafanya kazi na watu waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo. Mama mmoja aliniambia kwamba fundi wake mzuri kuliko wote hushtuka na kujificha chini ya meza kila bati linapoanguka uwanjani, na wenzake hucheka. Aliuliza amkemee vipi aache. Nilimwomba asimkemee. Awaambie wenzake waache kucheka, amwambie kijana faraghani kwamba kazi yake iko salama, na amtafutie muuguzi au daktari wa afya ya akili, amsindikize mara ya kwanza. Amehamisha pia mabati. Sasa yamelazwa chini, upande wa ukuta, mahali ambapo hayaanguki.